Jirani yangu Mkatoliki hanigongei tena mlango

*Shikamoo, Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Kimanga, nimeokoka miaka sita sasa. Tumepanga nyumba moja na Mama Kelvin (si jina lake), Mroma wa kweli kweli. Zamu ya kwake ikifika, jumuiya yao husali uani kwetu Jumamosi alfajiri. Mwaka juzi nilipofanyiwa upasuaji, yeye ndiye aliyewavalisha wanangu sare na kuwapeleka shule kwa wiki tatu.*

*Mwezi uliopita alifiwa na mama yake. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alinionya nisiingie kanisani kwao, nitajiunganisha na madhabahu ngeni, maana wanaabudu sanamu na kumwomba Maria. Nikaenda msibani, lakini wakati wa misa nilibaki nje chini ya mwarobaini. Mlango ulikuwa wazi. Akageuka, akaniona. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri tu, ila hanigongei tena mlango kuomba chumvi wala kuniletea mboga. Hata mahubiri niliyokuwa namtumia kwenye simu ili aokoke hayafungui.*

*Binti yangu wa miaka minane ameniuliza kama Mama Kelvin ataenda motoni. Sikuwa na jibu. Sasa kuna misa ya arobaini na ametualika wapangaji wote. Niende? Na je, naweza kuwa rafiki wa kweli wa mtu ninayeamini amepotea?*

*Mwenye mashaka, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Nianze na mwarobaini, maana hapo ndipo penye kidonda. Mtu aliyefiwa na mama yake hageuki nyuma kanisani kuhesabu nani wa dhehebu gani. Anageuka kutafuta watu wake. Mama Kelvin alikutafuta wewe, akakuona umesimama nje chini ya mti wakati jeneza la mama yake liko ndani. Hakujua uliambiwa nini na nani. Alichokiona ni kwamba mtu ambaye yeye alimvalishia watoto sare ameona afadhali kusimama nje kuliko kukaa naye benchi moja. Umemuumiza, na nakuambia wazi kwa sababu barua yako inaonyesha unalijua hilo.

Ujue pia anayekuandikia ni nani. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kukulia Magomeni. Pale kwetu chumba cha pili alikaa mama mmoja Mkatoliki, mfumaji wa vitambaa vya makochi, na utotoni niliambiwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe: Waroma wanaabudu sanamu. Jioni alikuwa akikaa kwenye kigoda na rozari yake ya shanga za plastiki za bluu, iliyokwisha kukatika ikaungwa kwa uzi wa nailoni wa kuvulia. Siku moja nikamuuliza anahesabu nini. Akaniwekea mkononi, akanionyesha: hizi kumi kumi ni za Salamu Maria, hii iliyosimama peke yake ni ya Baba Yetu. Zote pamoja ni 59. Nikakimbia ndani nikaleta tasbihi ya bibi yangu tulinganishe. Bibi hakunigombeza. Alisema tu nisizichanganye, kila moja irudi kwa mwenyewe.

Maneno ya bibi nimeyashika mpaka leo, na ndiyo ninayokupa wewe. Sikuambii kwamba dini zote ni moja. Si moja. Mimi sitasema Salamu Maria, nawe sikutumi ukaiseme. Lakini kabla hujaamua kwamba mwenzako anaabudu sanamu, sikiliza anachokisema mdomo wake.

Ile sala yao inaishia hivi: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu." Kiswahili chetu kimeliweka wazi jambo hili kuliko mahubiri mengi. Utuombee. Hawasemi utusamehe, hawasemi utuokoe. Kumwomba mtu akuombee ndicho ulichofanya wewe ulipolazwa, bila shaka kikundi chako kizima kilipigiwa simu. Mkatoliki anasema Maria na watakatifu wako hai mbele za Mungu, kwa hiyo anaweza kuwaomba wamwombee kama anavyomwomba jirani. Ibada yenyewe, kwa mafundisho ya kanisa lao, ni ya Mungu peke yake. Na nusu ya kwanza ya sala hiyo imetoka katika Biblia unayoibeba, Luka sura ya 1, maneno ya malaika na maneno ya Elisabeti.

Najua mchungaji wako atakufungulia 1 Timotheo 2:5, mpatanishi ni mmoja. Ana haki ya kulisimamia hilo, na wewe pia. Hoja hiyo ni ya karne nyingi na haitamalizwa uani kwenu Tabata. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kusema "sikubaliani na jirani yangu kuhusu kuwaomba watakatifu" na kusema "jirani yangu anaabudu udongo". La kwanza ni imani yako. La pili ni kumzushia mwenzio, na kumzushia mtu ni dhambi katika dini yako na katika yangu.

Sasa hayo mahubiri ya kwenye simu. Mwanangu, hapo umekosea zaidi ya pale kwenye mwarobaini, ila hujaona kwa sababu ulifanya kwa nia njema. Mtu ukimtumia kila siku ujumbe wa kumwambia amepotea, anaanza kujiuliza kama zile mboga mlizopeana zilikuwa mboga au chambo. Wao wenyewe wamewahi kuwatazama wengine hivyo, nimeshasikia Wakatoliki wakiwaita ninyi walokole watu wa kelele, na sisi wakituita majina nisiyotaka kuyarudia. Hata hivyo kanisa lao liliketi Roma katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu wake wa dunia nzima wa 1962 hadi 1965, likaandika kwamba Wakristo wa makanisa mengine ni ndugu, na kwamba Waislamu wanatazamwa kwa heshima. Wewe ukienda kwao kesho na ubatizo wako wa maji, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hawabatizi mara ya pili. Kwa hesabu yao Mama Kelvin amekuona ndugu miaka yote mliyokaa pamoja. Wewe ulimwona mtu wa kuokolewa.

Unauliza kama unaweza kuwa rafiki wa kweli wa mtu unayeamini amepotea. Ndiyo, unaweza, ukiacha kumfanya shabaha. Jiji hili limejengwa na watu wa namna hiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki mshika misa, hata kanisa lake lilianza mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Alikuwa akifundisha Pugu, akaja kuungana na watu wa Kariakoo na Gerezani, wengi wao Waislamu, TANU ikazaliwa tarehe 7 Julai 1954, na aliyewakusanya wanawake kwa maelfu alikuwa Bibi Titi Mohamed. Hawakungoja wakubaliane kuhusu pepo ndipo waketi mkeka mmoja. Kila mmoja alijua mwenzake anasali wapi.

Mimi nilifiwa na mama yangu miaka kumi na moja iliyopita. Wanawake wa jumuiya ya yule mama wa Magomeni walikuja na vitenge vyao vya WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wakaingia jikoni, wakaosha masufuria yaliyokuwa yamegandana pilau. Wakati wa dua walikaa kwenye mkeka pamoja nasi, wametulia, mikono mapajani. Hakuna aliyewataka waitikie na hakuna aliyewaondoa. Nakumbuka mmoja alivua viatu mlangoni akavipanga na vya wengine wote, sawasawa, kama aliyezaliwa nyumba ile. Ukinitajia Wakatoliki leo, ndivyo vile viatu ninavyoviona kwanza.

Kwa hiyo nenda kwenye misa ya arobaini. Lakini usianzie kanisani, anzia mlangoni kwake, jioni moja wiki hii, kabla ya siku yenyewe. Beba sukari au mchele, chochote unachoweza, kama rambirambi iliyochelewa. Usimtaje kiongozi wako, usieleze mambo ya madhabahu, usijitetee. Sema: "Mama Kelvin, siku ya kumuaga mama nilikuacha peke yako. Nimekosa, nisamehe." Kisha nyamaza umwachie nafasi. Akilia, kaa. Akikujibu kwa mkato, pokea; msiba bado mbichi. Na mwambie mahubiri ya kwenye simu hutamtumia tena mpaka akuombe mwenyewe, halafu kweli usimtumie.

Kanisani, kaa benchi moja naye au la nyuma yake. Wakisimama, simama, ni adabu tu. Wakipiga magoti na moyo wako hautaki, kaa kimya. Wakienda kupokea komunyo, wewe baki kwenye benchi. Hiyo ni ya Wakatoliki waliojiandaa, na hakuna atakayekushangaa, maana hata wao si wote wanaokwenda. Kabla ya hapo padri atawaambia mpeane amani. Hapo geuka umpe mkono. Sala za kumwombea marehemu huzikubali, najua, basi usiziitikie. Wewe mwombee aliye hai, hilo hata kikundi chako hakiwezi kulikataa. Kama kiongozi wako atakuuliza, mwambie ulikwenda kukaa na jirani yako, na usione haya. Na kama baada ya misa kutakuwa na bia kwenye maturubai, kunywa soda yako, usifanye hilo kuwa habari.

Kuhusu binti yako. Mwambie ukweli: hujui, maana kuhukumu si kazi ya mama wala ya mtoto. Kisha mwache amuulize Mama Kelvin zile shanga ni za nini. Usimtangulizie jibu wala usimsahihishe akirudi nalo. Msikilize mpaka amalize, halafu naye mwambie wewe unasalije na kwa nini. Ana miaka minane, ataweza kuyabeba yote mawili bila kuyachanganya.

Ukishatoka mlangoni kwa Mama Kelvin, niandikie tena. Nitataka kujua kama amekuja kuomba chumvi.