Maswali na Majibu: Likizo ya Theluji Pamoja na Marafiki

Maswali ya mara hii yametoka kwa wasomaji wanaopanga kusafiri na marafiki zao kwenda kwenye nchi za baridi, wengi wao kwa mara ya kwanza. Nimeyafupisha, na pale ambapo wasomaji kadhaa waliuliza jambo lile lile nimeyaunganisha.

Tuko marafiki sita, na ni wawili tu wanaojua kuteleza kwa skii, yaani vile vibao virefu vya kutelezea theluji vinavyofungwa chini ya buti. Je, tutaweza kuwa pamoja siku nzima?

Hamtaweza, na mkijilazimisha mtawaharibia siku watu wote sita. Anayeanza huhitaji mteremko mdogo, mwalimu, na saa nyingi za kuanguka na kuinuka, ilhali anayejua huhitaji mlima. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la yule mjuzi mwenye moyo mwema anayejitolea kuwafundisha wenzake bila malipo, kisha kabla ya saa sita mchana amekwisha kuwapandisha juu, kwa sababu amechoka kusubiri chini. Kujua kuteleza ni kitu kimoja na kujua kufundisha ni kitu kingine. Nyinyi wanne mwajirini mwalimu kwa asubuhi mbili au tatu za mwanzo, na wale wawili muwaache waende zao bila kinyongo.

Kabla ya kupanda, jifunzeni rangi za njia za kutelezea. Barani Ulaya buluu ni njia nyepesi, nyekundu ni ya wastani na nyeusi ni ngumu, na Ufaransa huongeza kijani kwa wanaoanza kabisa. Amerika ya Kaskazini hutumia duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi, wala nyekundu haimo, kwa hiyo mtu aliyezoea buluu ya Ulaya asidhani kwamba ameizoea na ya Amerika. Kanuni moja haibadiliki: anayetoka juu au nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumkwepa aliye mbele yake. Aliye mbele hana macho kisogoni.

Kubalianeni saa na mahali pa kukutana kwa chakula cha mchana, na alasiri mfanye jambo ambalo ujuzi wa wale wawili hauwapi faida kubwa. Sleji, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, hufaa sana. Hufaa pia matembezi ya msituni kwa viatu vya theluji, yaani vile vitandiko vipana vinavyofungwa chini ya buti ili mguu usizame, kwani kila anayeweza kutembea huvimudu baada ya dakika chache.

Likizo yetu huangukia Julai na Agosti. Tusubiri hadi Desemba?

Si lazima. Kusini mwa ikweta majira hayo ndiyo ya baridi, na miji kama Bariloche nchini Argentina na Queenstown nchini New Zealand hupokea wachezaji wa theluji kuanzia Juni hadi Septemba hivi.

Nimenunua fulana nyingi za pamba za kuvaa ndani ya koti. Zitatosha?

Idadi inatosha, kitambaa ndicho kibaya. Pamba hunywa jasho na kulishikilia, na nguo yenye maji hunyang'anya mwili joto haraka kuliko hewa inavyofanya. Nguo inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au ya nyuzi za kutengenezwa, juu yake ivaliwe nguo nene inayohifadhi hewa, na nje kabisa koti na suruali vinavyozuia upepo na maji. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mlima kwa suruali ya jinzi kwa sababu asubuhi ilikuwa na jua; nilianguka mara tatu, na kufikia alasiri suruali ile ilikuwa imekakamaa kama ubao.

Soksi ziwe jozi moja tu. Wanaovaa jozi mbili ndani ya buti za skii huubana mguu, damu haizunguki vizuri, nao ndio wanaolalamika kwamba vidole vinakufa ganzi.

Mwaka jana niliungua uso ingawa kulikuwa na baridi kali. Inawezekanaje?

Baridi haiuhusu mwanga wa jua. Theluji mpya huweza kurudisha takriban asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, inayoiangukia, na miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana ulichomwa kutoka juu na kutoka chini. Paka mafuta ya kujikinga na jua hata chini ya kidevu na chini ya pua, wala usivue miwani hata kukiwa na mawingu, kwa maana jicho nalo huungua, na maumivu yake huanza saa kadhaa baadaye.

Baadhi yetu hatutaki kuteleza kabisa. Je, kuna cha kutazama, au tutakaa hotelini tukiwasubiri wenzetu?

Kipo, na pengine nyinyi ndio mtakaorudi na kumbukumbu nzuri zaidi. Kutoka Chamonix nchini Ufaransa, mji ulioandaa Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi mwaka 1924, gari la waya huwapandisha watu hadi Aiguille du Midi, penye mita 3,842, mkabala na Mont Blanc. Nchini Uswisi, reli ya Gornergrat iliyofunguliwa mwaka 1898 huanzia Zermatt na kufika mita 3,089, ambako mlima Matterhorn husimama peke yake mbele ya macho. Reli ya Jungfraujoch, iliyokamilika mwaka 1912 baada ya miaka 16 ya kuchimba mwamba, ina stesheni yake kwenye mita 3,454.

Vilele hivyo vina sharti moja, nalo ni hali ya hewa. Msikiwekee kilele tarehe tangu nyumbani. Sehemu nyingi za aina hii zina kamera zinazoonyesha juu kukoje. Zitazameni asubuhi, na kukiwa kweupe acheni shughuli nyingine zote mpande siku hiyo hiyo, kwa kuwa tiketi ya ghali inayokuingiza ndani ya wingu haina faida. Pia mnapanda kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kuzoea. Tembeeni polepole, kunyweni maji, na anayeumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu ashushwe, asibembelezwe kubaki kwa ajili ya picha.

Msiopenda vilele mnayo Sapporo nchini Japani, ambako tamasha la theluji la mwezi Februari lilianza mwaka 1950 kwa sanamu sita zilizotengenezwa na wanafunzi wa sekondari katika bustani ya Odori. Au mnacho kijiji cha Jukkasjärvi nchini Uswidi, chenye hoteli inayojengwa upya kila mwaka kwa barafu ya mto Torne. Ushauri wangu ni kuitembelea mchana na kulala penye joto, ingawa najua kuna watakaonibishia.

Rafiki yetu mmoja anatushawishi tuache njia zilizowekwa alama ili tuteleze kwenye theluji ambayo haijakanyagwa. Tumfuate?

Bila mwongozaji wa eneo hilo, msimfuate. Theluji hulala kwa matabaka, na tabaka dhaifu likiwa chini ya tabaka gumu, uzito wa mtu mmoja unatosha kulivunja na kuushusha mteremko mzima. Maporomoko mengi ya theluji yanayoua watalii huanzishwa na mwathiriwa mwenyewe au na mwenzake wa kikundi kimoja. Miteremko yenye nyuzi 30 na zaidi ndiyo ya kuogopwa, na kwa macho ya mtu asiyezoea huonekana ya kawaida tu.

Ulaya hutangaza kila siku kiwango cha hatari ya maporomoko kuanzia 1 hadi 5. Wengi huona 3 kuwa ni katikati, basi ni salama nusu. Sivyo: siku za kiwango hicho huua watu wengi, kwa sababu hatari ni kubwa na bado watu wanatoka. Hata mkiwa na mwongozaji, kila mmoja awe na kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi, fito ya kudungia theluji ili kumtafuta aliyefukiwa, na koleo, tena awe amefanya mazoezi ya kuvitumia, maana uwezekano wa aliyefukiwa kupona huporomoka baada ya dakika 10 hadi 15, na hakuna kikosi cha uokoaji kinachofika mapema hivyo. Watakaomfukua ni nyinyi.

Mara nyingi kinachowapeleka marafiki kwenye mteremko mbaya ni kuoneana aibu: kila mmoja ana shaka, na hakuna anayetaka kuitwa mwoga. Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba "hapana" ya mtu mmoja inawarudisha wote, wala haijadiliwi papo hapo.

Bima ya kawaida ya safari inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Soma kama inagharamia michezo ya theluji, uokoaji kwa helikopta, na kuteleza nje ya njia zenye alama, kwa kuwa bima nyingi hazikigharamii hicho cha mwisho.

Tutakaa Tromsø, Norwe, usiku mmoja ili tuone miale ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayong'aa angani usiku. Tutaiona?

Usiku mmoja ni kamari. Tengeni usiku minne au zaidi. Miale hiyo hutokea chembe zinazotoka kwenye jua zinapogongana na hewa ya juu kabisa, na oksijeni ndiyo inayotoa ile rangi ya kijani. Lakini ikiwaka juu ya mawingu hamtaiona. Tromsø jua halichomozi kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Januari, hivyo giza mtakuwa nalo tele, kilichobaki ni anga safi. Kesheni kwa zamu: mmoja aangalie nje huku wengine wamelala, awaamshe likitokea jambo. Simu zikae mfuko wa ndani karibu na mwili, kwani baridi huidhoofisha betri.

Nitajuaje kwamba rafiki yangu amezidiwa na baridi ilhali mwenyewe anasema yuko salama?

Usimsikilize, mtazame. Baka jeupe puani, shavuni au sikioni ni dalili kwamba ngozi inaganda, na mwenyewe hawezi kuliona wala kulihisi, kwa hiyo kaguaneni nyuso kila baada ya muda. Msilisugue, na hasa msilisugue kwa theluji kama wazee wengine wanavyoshauri. Akianza kujikwaa, kushindwa kufunga zipu au kuongea kwa ulimi mzito, joto la mwili wake huenda limeshuka chini ya nyuzi 35, na akiacha kutetemeka kabla hajapata joto hali imekuwa mbaya zaidi, hivyo waiteni waokoaji. Mwingizeni ndani, mvueni nguo zenye unyevu, mfunikeni, na kama ana fahamu kamili mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe hapana, kwa sababu hupanua mishipa ya ngozi na kumpotezea joto alilobakiwa nalo huku akidhani amepata nafuu. Kisha mmoja wenu abaki naye ndani, hata kama tiketi ya mlimani ya siku hiyo imekwisha kulipiwa.