Maswali na Majibu: Ruzuku na Mkopo wa Mfumo wa Hewa kwa Wenye Nyumba Ujerumani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Ujerumani, na karibu yote yanazunguka jambo moja: mtu anataka kufunga mfumo wa kubadilisha hewa katika nyumba ya zamani, amesikia kwamba serikali ina ruzuku na pia ina mkopo wa masharti nafuu, na hajui kama anaruhusiwa kuvichukua vyote viwili. Majibu yafuatayo yanafuata kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024.

Tulibadilisha madirisha yote ya nyumba yetu, ambayo ilijengwa mwaka 1968. Majira ya baridi yaliyofuata pembe za chumba cha kulala zikaota ukungu mweusi. Je, kuna fedha za serikali za kufunga mfumo wa hewa, na je, ruzuku na mkopo vinakwenda pamoja? (Bremen)

Ukungu huo una sababu yake. Madirisha ya zamani yalikuwa yakivuja hewa kwenye fremu, na uvujaji huo, ingawa ulikuwa ukipoteza joto, ndio uliokuwa ukiutoa nje unyevu wa kupikia, wa kuoga, wa kuanika nguo na wa pumzi zenu wenyewe. Mlipoiziba mianya, unyevu ulibaki ndani ukatafuta mahali penye baridi kuliko pote, yaani pembe za ukuta wa nje, hasa nyuma ya kabati. Sisi tuliokulia katika nyumba za pwani, ambamo upepo wa kusi na wa kaskazi hupita bila kuombwa, huchukua muda kuamini kwamba hewa inaweza kuhitaji mashine. Kwa kawaida za ufundi za Ujerumani, kiwango DIN 1946-6 kinataka mpango wa hewa uandaliwe pale ambapo zaidi ya theluthi moja ya madirisha inabadilishwa, kwa hiyo mna haki ya kumuuliza fundi wenu wa madirisha kama aliuandaa.

Kuhusu fedha, vyote viwili vinapatikana na vinakwenda pamoja. Ruzuku hutolewa na BAFA, ofisi ya serikali kuu iliyoko Eschborn karibu na Frankfurt, nayo ni asilimia 15 ya gharama zinazokubalika. Mkopo hutoka KfW, benki ya maendeleo ya serikali, lakini huombwa kupitia benki ya kawaida. Mkopo huo ni wa nyongeza kwa maana halisi ya neno: unaweza kufika euro 120,000 kwa kila makazi, ila hautolewi kwa mtu ambaye hana kwanza barua ya kukubaliwa ruzuku. Mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe, na ambaye kaya yake ina mapato yanayotozwa kodi yasiyozidi euro 90,000 kwa mwaka, hupewa mkopo namba 358 ambao riba yake imepunguzwa zaidi na serikali. Wengine hupewa namba 359. Tafadhali zingatieni maneno "yanayotozwa kodi", kwa sababu hesabu hiyo si mshahara ghafi unaoonekana kwenye karatasi ya malipo, bali ni kile kinachobaki baada ya makato yote yanayokubaliwa na ofisi ya kodi, na wapo wanaojiona wameuvuka mpaka ilhali hawajaufikia.

Feni ya kawaida ya bafuni haihesabiki. Mfumo unaokubalika ama hurudisha joto, yaani hewa chafu inayotoka huipasha moto hewa safi inayoingia bila hewa hizo mbili kuchanganyika, ama ni mfumo wa kutoa hewa unaojiongoza wenyewe kwa kupima unyevu au kaboni dayoksaidi iliyomo nyumbani.

Fundi amenipa bei nzuri na anataka nitie saini wiki hii, halafu niombe ruzuku baadaye. Ni sawa? (Köln)

Si sawa, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao zote kwa siku moja. Ukitia saini mkataba wa kawaida kabla ya kuomba, mbele ya BAFA umekwisha kuanza kazi, na kazi iliyoanza haipewi ruzuku. Ikikosekana ruzuku, mkopo wa nyongeza nao hauna pa kushikilia, kwa maana umejengwa juu ya barua ya ruzuku.

Jambo linalowachanganya watu ni kwamba tangu mwaka 2024 mkataba wenyewe unatakiwa uwepo kabla ya maombi. Kinachotofautisha mkataba unaofaa na ule unaoharibu mambo ni kifungu kimoja: lazima uandikwe kwamba mkataba utaanza kuwa na nguvu pale tu ruzuku itakapokubaliwa, au kwamba utavunjika endapo ruzuku itakataliwa. Lazima pia utaje tarehe ambayo kazi inatarajiwa kufanyika. Fundi aliyezoea kazi hizi huwa na kifungu hicho tayari, na asiyekijua mimi nisingemkabidhi nyumba yangu kwa haraka ya wiki moja. Ushauri na michoro ya awali havihesabiwi kuwa ni kuanza kazi, kwa hiyo hivyo unaweza kuvilipia mapema.

Mpangilio wote, basi, ni huu. Kwanza unamtafuta mtaalamu wa nishati aliyesajiliwa katika orodha ya serikali, kwa kuwa bila maelezo yake ya kiufundi maombi ya mfumo wa hewa hayapokelewi. Nusu ya malipo ya usimamizi wake wa kazi nayo hurudishwa kama ruzuku. Kisha unatia saini mkataba wenye kifungu, ndipo unapeleka maombi BAFA. Baada ya kuyapeleka unaweza kuanza kazi, ila ni kwa kubahatisha fedha zako mwenyewe hadi jibu litoke. Barua ikifika, nenda benki bila kukawia, kwa sababu KfW haiitambui barua ya ruzuku iliyopita miezi 12, na kuna benki zisizoichangamkia mikopo hii midogo kwa kuwa faida yake ni ndogo kwao. Ikikataa ya kwanza, nenda ya pili. Kazi yenyewe una miezi 36 ya kuimaliza.

Ruzuku hulipwa baada ya kazi kumalizika na stakabadhi kukaguliwa. Fundi hatasubiri hadi siku hiyo. Kwa hiyo, mnapozungumza na benki, msizungumze juu ya kiasi tu, zungumzeni pia juu ya tarehe: ni lini fedha za mkopo zitaingia, ni lini fundi atadai, na katika pengo litakalobaki mtatumia akiba ipi. Jumla ya ruzuku na mkopo haiwezi kuzidi gharama halisi ya kazi.

Mshauri anasema nitengeneze kwanza mpango wa ukarabati wa nyumba uitwao iSFP ili niongezewe asilimia 5. Je, unalipa? (Leipzig)

Inategemea ukubwa wa kazi, na ni afadhali tuweke hesabu mezani. Tuseme mfumo wa hewa ni euro 16,000. Bila mpango utapata asilimia 15, ambayo ni euro 2,400. Ukiwa na mpango, na mfumo huo ukiwa umetajwa ndani yake, utapata asilimia 20, yaani euro 3,200. Umeongeza euro 800. Sasa tuseme mshauri anatoza euro 1,600 kuandaa mpango. Serikali hulipa nusu, lakini kwa nyumba ya familia moja au mbili haivuki euro 650, kwa hiyo wewe utatoa euro 950. Kwa mfumo wa hewa peke yake umepata hasara ya euro 150 na makaratasi juu yake.

Hesabu hugeuka pale unapofunga mfumo wa hewa pamoja na madirisha au kuta. Bila mpango, gharama zinazokubalika haziruhusiwi kuvuka euro 30,000 kwa kila makazi kwa mwaka. Ukiwa na mpango, mpaka huo unapanda hadi euro 60,000. Kazi ya euro 50,000 bila mpango italeta ruzuku ya euro 4,500 tu, na ukiwa na mpango italeta euro 10,000. Mpango unaandaliwa kabla ya maombi na unakupa haki ya nyongeza hiyo kwa miaka 15, basi hata anayetengeneza nyumba kidogo kidogo ananufaika.

Mimi ni Mwislamu na sitaki kuingia katika riba. Je, nikiukataa mkopo nitanyimwa ruzuku? (Berlin)

Hapana. Mkopo hutegemea ruzuku, lakini ruzuku haitegemei mkopo, nawe unaweza kuichukua peke yake na kulipia sehemu iliyobaki kwa akiba yako. Mkopo namba 358 una riba iliyopunguzwa, siyo riba sifuri, na hukumu ya jambo hilo ni ya kumuuliza sheikh wako.

Mhasibu wangu anasema niachane na BAFA nipunguziwe kodi. Nani ana haki? (Stuttgart)

Huenda mhasibu ana haki, ikiwa una fedha mkononi. Kifungu 35c cha sheria ya kodi ya mapato kinampunguzia mwenye nyumba anayeishi humo asilimia 20 ya gharama kwa miaka mitatu, yaani asilimia 7, kisha 7, kisha 6, mradi nyumba imezidi umri wa miaka 10, kazi imefanywa na fundi wa kampuni, na malipo yamepitia benki. Kwa kazi ya euro 12,000 hiyo ni euro 840, 840 na 720, jumla euro 2,400, wakati BAFA bila nyongeza ingekupa euro 1,800. Tena huna maombi ya kupeleka kabla ya kazi.

Lakini njia hizi hazichanganywi kwa kazi ileile: aliyechukua ruzuku au mkopo nafuu wa serikali hana tena kifungu 35c. Vilevile, mwenye kodi ndogo ya kulipa hawezi kupunguziwa kisichokuwepo, na kilichobaki hakihamishiwi mwaka mwingine. Mwenye mshahara mzuri na akiba aende kwenye kodi. Anayehitaji mkopo aende BAFA.

Ninamiliki ghorofa katika jengo la familia 12. Naweza kutoboa ukuta na kuweka kifaa cha hewa? (Hamburg)

Ukuta wa nje si mali yako peke yako hata kama umo chumbani kwako. Ni mali ya wamiliki wote, na tundu hilo linahitaji azimio la mkutano wao. Liombe azimio kabla ya kutia saini na fundi, kwa kuwa mikutano hiyo mara nyingi hufanyika mara moja kwa mwaka.

Mimi ni fundi umeme. Nikijifungia mwenyewe nitapata nini? (Kassel)

Utapata ruzuku ya vifaa tu, siyo ya jasho lako, na mtaalamu wa nishati lazima athibitishe kwamba kazi imefanywa inavyotakiwa.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba anafunga mfumo wa hewa kwa ruzuku, kisha anataka kunipandishia kodi ya pango. Anaruhusiwa? (Dortmund)

Anaruhusiwa, ila kwa mipaka. Anaweza kuongeza kwa mwaka asilimia 8 ya gharama za kuboresha makazi yako, lakini ruzuku aliyopewa lazima aitoe kwanza katika hesabu, na nafuu ya riba ya mkopo wa serikali nayo hukatwa. Mfumo ukigharimu euro 5,000 kwa ghorofa yako, naye akawa amepata ruzuku ya euro 750, hesabu inaanzia euro 4,250, na nyongeza haizidi euro 340 kwa mwaka, yaani kama euro 28 kwa mwezi. Juu ya hayo, nyongeza zote za namna hii katika miaka sita haziruhusiwi kuvuka euro 3 kwa mwezi kwa kila mita ya mraba, au euro 2 ikiwa pango lako la mwezi lilikuwa chini ya euro 7 kwa mita. Taarifa ya maandishi anapaswa kukupa miezi mitatu kabla ya kazi. Ikifika, muombe kwa barua akuonyeshe kiasi cha ruzuku alichopokea, kwa sababu hapo ndipo hesabu za wenye nyumba husahau mstari mmoja.