Jibu: Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja kweli?

Ndugu yangu, umeuliza mkorosho na mwembe inakuwaje iwe familia moja wakati matunda hayafanani. Ni familia moja kweli. Huku Newala, ukibangua korosho mbichi, mafuta ya ganda yanababua vidole. Utomvu wa kikonyo cha embe nao huwasha midomo. Chungulia na maua: vishada vya maua madogo, kila ua na stameni (kiungo cha kiume cha ua) moja iliyozidi nyenzake. Vinasaba vimethibitisha undugu huo.

Kinachonisisimua zaidi ni visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika ardhini. Kule Messel, Ujerumani, zilichimbwa korosho za miaka milioni 47 hivi, zikiwa na kikonyo kilichovimba, ndiyo bibo lenyewe! Wareno walituletea mbegu kutoka Brazili, lakini ukoo huu ulishafika Ulaya zamani mno.