Maswali ya Wasomaji: Mechi Huamuliwa Mstari wa Mbele

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Mombasa na ninaishi Kisauni. Jumamosi usiku mimi na wenzangu hufuatilia mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Wenzangu hushikilia kwamba ushindi hutoka kwa kwotabeki, yule anayerusha mpira. Watangazaji nao huwasifu sana wale wanaume watano wakubwa wa mbele ambao, ukimtoa wa katikati anayeurudisha mpira nyuma, karibu hawaugusi mpira mechi nzima. Nani aaminiwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waamini watangazaji, na uwasomee wenzako jibu hili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, na ikifaulu huanza kuhesabiwa upya. Katika kila jaribio, kabla kwotabeki hajapata nafasi ya kuamua lolote, wale watano huwa wamekwisha kugongana na wapinzani watatu au wanne, pengine zaidi, na mara nyingi mgongano huo ndio unaoamua yatakayofuata. Wakirudishwa nyuma, kwotabeki hukosa muda wa kutazama mbali, na mkimbiaji hudakwa kabla hajaufikia mstari ambapo mpira ulianzia. Wakisonga mbele, hata kwotabeki wa kawaida huonekana hodari.

Uzito una kazi yake, kwani wengi wao huzidi kilo 130, lakini hautoshi. Anayeshinda ni yule aliyeinama chini zaidi, magoti yakiwa yamekunjwa, mgongo umenyooka, viganja vimekita kifuani mwa mpinzani, na miguu ikiendelea kupiga hatua fupifupi hata baada ya kugongana. Hamali anayesukuma mkokoteni wa magunia kutoka Marikiti analijua hili bila kufundishwa na kocha, kwa maana akisimama wima mkokoteni haumtii. Ugumu wa mpirani ni kwamba mzigo wenyewe unakusukuma pia, na wanaume watano wanapaswa kuanza kwa pamoja, kwa sababu mmoja akichelewa nukta moja tu hufungua mlango ambao wanne waliobaki hawawezi kuufunga.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 11 Novemba 2023, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan ilipocheza ugenini dhidi ya ile ya Penn State. Michigan ilikwenda mapumzikoni ikiongoza 14 kwa 9, na ikamaliza mechi kwa kukimbia na mpira mara 32 mfululizo, bila kuandikiwa pasi hata moja katika nusu ya pili. Uwanja mzima ulijua kinachokuja, na walinzi wa Penn State walijua, lakini hawakuweza kukizuia. Mechi iliisha 24 kwa 15. Mimi huuona huo kuwa ushindi mzito kuliko ule wa kumhadaa mpinzani, kwa sababu aliyehadaiwa anaweza kujisahihisha wiki ijayo, ilhali aliyesukumwa akijua atasukumwa hana la kusahihisha ila kwenda kujijenga upya.

Wenzako watakutajia LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ya mwaka 2019, ambayo kwotabeki wake, Joe Burrow, alirusha pasi 60 za tachidauni, yaani mabao ya kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, katika msimu mmoja na kuibeba timu hadi ubingwa bila kupoteza mechi. Ni kweli kabisa, na sitaki kumpunguzia sifa. Lakini waulize ni timu gani mwaka huo iliyopata tuzo ya Joe Moore, ambayo tangu 2015 hupewa safu bora ya mbele nchini Marekani. Ni hiyohiyo LSU.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa vijana wawili, ninaishi Likoni, na wanangu ndio walionizoesha kuutazama mchezo huu. Huona walinzi wenye nguvu za kutisha wakipitwa ghafla na mtu mmoja akakimbia hadi mwisho wa uwanja. Nguvu zao zinakwenda wapi?

JIBU: Mama, nguvu zinakuwepo, ila huwa mahali pasipotakiwa. Kati ya kila wachezaji wawili wa mstari wa mbele wa timu yenye mpira kuna upenyo, na kila upenyo huwa umekabidhiwa mlinzi mmoja kabla mpira haujaanza. Kazi yake ni kuulinda huo hata kama anaona mpira unaelekea kwingine. Mlinzi mwenye pupa huuacha upenyo wake akimbilie mpira ili yeye ndiye aonekane ameangusha mtu, na mkimbiaji mjanja hugeuka na kupita palepale alipoondoka. Ukirudia kuutazama mkimbio mrefu, aghalabu utamwona mlinzi mmoja mwenye mwili na mbio za kutosha, aliyekuwa hatua mbili nje ya nafasi yake.

Ndiyo maana nalipenda sana kundi la walinzi wa Chuo Kikuu cha Georgia la mwaka 2021, lililoruhusu wastani wa pointi 10.2 tu kwa mechi na kuifunga Alabama 33 kwa 18 katika fainali. Katikati ya mstari alisimama Jordan Davis, mtu wa zaidi ya kilo 150, ambaye kwa kawaida alihitaji kuzuiwa na watu wawili. Takwimu zake za kuangusha wapinzani hazikuwa kubwa. Lakini wawili wakimshughulikia mmoja, kuna mlinzi nyuma yake aliyebaki huru, na mara nyingi huyo alikuwa Nakobe Dean, aliyepata tuzo ya Butkus, ya mlinzi bora wa nyuma ya mstari, mwaka huo. Davis alikubali kuchoka ili mwenzake atajwe, na waamuzi wa tuzo waliliona hilo, wakampa Outland, ya mchezaji bora wa ndani ya mstari, na Bednarik, ya mlinzi bora.

Nidhamu pia ni kutojitia hasara. Kuvuka mstari wa kuanzia kabla ya wakati huigharimu timu yadi 5, na kosa la ukatili huigharimu yadi 15 pamoja na kuwapa wapinzani majaribio mapya. Fikiria, Mama, walinzi wamejitahidi mara tatu, wapinzani wanajiandaa kuurudisha mpira kwa teke, kisha mmoja kwa hasira anamsukuma mtu baada ya filimbi. Jasho lote limepotea.

Kama vijana wako wanaweza kuipata, tazameni pamoja fainali ya 9 Januari 2012 kati ya Alabama na LSU. Miezi miwili kabla, LSU ilikuwa imeshinda 9 kwa 6 katika muda wa nyongeza, bila tachidauni hata moja. Katika marudio hayo Alabama ilishinda 21 kwa 0, na LSU ikavuka katikati ya uwanja mara moja tu usiku kucha na kupata jumla ya yadi 92. Wengine husema mechi hiyo ilichosha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwani walinzi 11 kutopotea mahali pao kwa saa tatu ni kazi adimu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili huko Changamwe na ninafundisha raga. Je, kuna chochote cha kuwafundisha vijana wangu kutoka katika mchezo huu?

JIBU: Mwalimu, kipo, lakini kwa tahadhari. Katika raga huruhusiwi kumzuia mtu asiye na mpira, kwa hiyo kazi ya wale watano haihamishiki ilivyo. Kinachohamishika ni mkao wa chini, hatua fupi, na tabia ya kila mlinzi kushika nafasi yake. Waanzishe wawiliwawili wakiwa wamepiga magoti, bila kukimbia, wajifunze kumkamata mwenzao kwa bega na kumfunga kwa mikono yote miwili, kisha wasimame, na kasi ije mwisho. Kichwa kisitangulie kamwe. Katika vyuo vya Marekani, pamoja na kofia ngumu wanazovaa, anayempiga mpinzani kwa utosi wa kofia hutolewa uwanjani na timu yake huadhibiwa yadi 15, kwa sababu shingo yake mwenyewe imo hatarini kama ya anayepigwa. Vijana wako hawavai kofia hizo. Anayeinamisha macho chini wakati wa kukamata mtoe zoezini, umrudishe kwenye magoti, hadi macho yazoee kubaki juu.