Mama kagoma kukaa Dar, anataka arudi Paje

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama yangu ana miaka 72, kalima mwani Paje, Zanzibar, tangu sisi wadogo na ndo uliotusomesha. Mwaka jana nikamleta kwangu Tegeta apumzike, ana chumba chake, tv, dada wa kazi anampikia, jioni namwambia atembee kidogo kwa ajili ya presha ananijibu "natembea naenda wapi?" Sasa kanuna anataka arudi, eti anaikosa elfu hamsini yake ya Pensheni Jamii, ile serikali ya Zanzibar inayowapa wazee kila mwezi. Na mimi nampa laki kila mwezi! Baba mkwe wangu mstaafu wa benki kila alfajiri yuko barabarani na raba zake, furaha tupu. Kwanini mama asizeeke vizuri hivyo? Na majirani si watasema nimemtupa? (Binti wa Paje, Tegeta)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo pa "naenda wapi" nimecheka peke yangu. Mama yako hajawahi kutembea bure, yeye alikuwa anafuata bamvua, maji yakitoka anashuka yakijaa anapanda na mzigo kichwani, leo unamwambia azunguke mtaa arudi mikono mitupu. Baba mkwe kakaa kwenye kiti maisha yake yote, kafika 60 barua ikaja, kiinua mgongo kikaingia na pensheni inafuata kila mwezi, huyo kupumzika anakujua maana kapumzishwa kwa malipo. Mama yako barua kaandikiwa na nani? Mkulima wa mwani anastaafu siku magoti yakikataa.

Sasa iyo elfu hamsini. Zanzibar walianza 2016 na elfu 20 kwa kila mzee wa miaka 70 kwenda juu, awe alikuwa karani au mchukuzi, baadae ndo ikapanda mpaka 50. Kwa mtu ambaye hajawahi kupokea mshahara hiyo ndo hela inayokuja kwa jina lake bila kulowa maji. Laki yako kubwa ndiyo ila ni yako, akimnunulia mjukuu viatu anajiona kama anakuomba ruhusa hata kama hujamuuliza. Ile nyingine anaingia nayo dukani, anachangia maulidi, anampa mtoto wa jirani mia tano ya andazi. Paje ni bibi anayetoa, kwako ni bibi wa kupewa.

Ila sikwambii umrudishe majini! Kuinama kwenye maji chumvi masaa mengi ndo kumemmaliza mgongo, na hakuwa anaenda kuburudika, bei ya kilo ya mwani mkavu unaijua mwenyewe. Sie wa mjini tunapenda kusema wazee wa shamba wana nguvu sababu ya kazi, tunawaona wale walioko njiani, walioharibika viuno wako ndani hatuwaoni.

Kwa iyo arudi na dawa zake za presha, mtafute binti wa ukoo alale nae, na iyo laki mtumie mwanzo wa mwezi usiulize imeendaje. Kuanika mwani ataweza, kusuka ukili barazani na wenzie pia.

Majirani? Hao wa Tegeta hata jina lake hawalijui, kule asipoonekana siku mbili mlango unagongwa. Muulize malipo mwezi huu tarehe ngapi, afu ukate tiketi ya boti.