Tambi za dengu bila kugeuka bokoboko

Dada uliyesema umempikia baba tambi za dengu kwa sababu ya kisukari, zikawa bokoboko ukazimwaga zote, nakuomba ujaribu tena. Mimi niko Ohio, naishi na mama yangu, naye ana kisukari tangu 2018. Mtu wa Tanga huwezi kumnyang'anya tambi hivihivi, kwa hiyo nimehangaika nazo sana.

Tuelewane kwanza kwenye jina. Dengu ninazosema ni zile nene zenye kidomo kama cha ndege, si ndengu za Kenya ambazo sisi tunaziita choroko. Nalitaja hili mapema kwa sababu choroko ndizo zilizoniingiza mkenge. Nilikwenda duka la Wachina nikaona tambi nyembamba nyeupe, zile ambazo zikiiva zinaonyesha kama kioo, na pakiti inasema ni za choroko. Nikabeba pakiti sita. Nyumbani mama akavaa miwani, akageuza pakiti akasoma: protini karibu na sifuri. Kumbe zile hutengenezwa kwa wanga uliokamuliwa kwenye choroko, protini na makapi yanabaki kiwandani. Kwenye gramu 100 kavu, zaidi ya 80 ni wanga. Kwenye supu ni tamu na bado nazinunua, ila hazishibishi kama kunde wala maharage.

Kwa hiyo dukani usiamini picha ya mbele. Geuza boksi, kiungo cha kwanza kiwe unga wa dengu au wa adesi, zile punje ndogo bapa jamii ya kunde. Tambi za kampuni ya Barilla za adesi nyekundu ni unga wa adesi mtupu. Za kampuni ya Banza ni dengu zilizochanganywa na wanga wa njegere na wa muhogo. Kwa gramu 56 kavu, ambazo maboksi ya huku yanahesabu kuwa chakula cha mtu mmoja, utapata protini gramu 11 hadi 13 au zaidi kidogo, wakati za ngano zina kama 7. Wanga nao unashuka kutoka gramu 40 na kitu hadi 30 na kitu. Umepungua, haujaondoka! Mama bado tunampimia kwenye mizani, na mashine ya sukari iko palepale mezani. Bei inauma: boksi la Banza ni gramu 227, nusu ya pakiti ya kawaida ya ngano, na unalipa zaidi.

Sasa jikoni, maana hapo ndipo zako zilipoharibikia. Tambi za ngano zinashikwa na gluteni, ile protini ya ngano inayonata. Hizi hazina, kwa hiyo ukizisahau dakika mbili tu zinaachana. Chukua sufuria kubwa, maji mengi, yafike nusu tu ya sufuria kwa sababu dengu hutoa povu jeupe zito na hufoka ghafla. Yakichemka tia chumvi, mimina tambi, koroga dakika ya kwanza yote zisishikane. Povu likipanda punguza moto, liengue kwa kijiko. Usiende kokote. Boksi likisema dakika 8, wewe anza kuonja ya 5. Nang'ata moja katikati naitazama: ikiwa na kidoa chembamba cheupe kwenye kiini, nazima papo hapo. Mwaga kwenye chujio, zisuuze kwa maji ya uvuguvugu kuondoa ule utelezi. Za ngano sizisuuzi, hizi lazima.

Mchuzi uwe tayari kabla hujachemsha maji. Tambi zikiingia, dakika moja kwenye moto inatosha. Usizipe mchuzi mwepesi, ladha ya dengu itajitokeza kama unga mbichi. Nyumbani kwangu zimekubalika kwa rojo zito la nyanya, kitunguu thomu kingi, bizari nyembamba na ukwaju kidogo. Tui zito la nazi na pilipili mbuzi nalo linakwenda vizuri, hasa na za adesi.

Tambi za sukari za futari nilijaribu Ramadhani mbili. Za dengu zilikatikakatika kwenye kukaanga, na hiliki yote niliyotia haikufunika ule ukunde. Mama alikula vijiko viwili akasukuma sahani. Siku hizo tunampa za ngano kidogo, zenye nazi na sukari ya kugusia tu.

Pika za mlo mmoja, kwa sababu zikilala kwenye friji zinakauka na kumeguka. Na kama baba hajazoea kunde, mwanzie sahani ndogo, tumbo litajaa gesi siku za mwanzo. Safari hii nunua zile fupi za kupindapinda. Ndefu za spageti ndizo zinazokatika haraka, nadhani ndizo ulizopika.