Una presha, ya juu au ya chini? Majibu kwa wasomaji wa Dodoma

Nimepimwa nikaambiwa nina presha. Jirani anasema kila mtu ana presha. Nimwamini nani? (Mama, Kibaigwa)

Mama, wote wawili wamesema kweli. Presha, au shinikizo la damu, ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Bila nguvu hiyo damu isingepanda hadi kichwani. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, na hayo maneno "la juu" ndiyo tunayoyameza tukizungumza. Naomba sana tuyarudishe. Nimemwona mtu aliyeambiwa "una presha" tu, akadhani imeshuka, akaanza kulamba chumvi kwa ushauri wa sokoni. Kumbe yake ilikuwa juu, na chumvi huipandisha zaidi. Ukipimwa, omba uandikiwe namba.

Baba ameandikiwa 150/95. Mbona namba mbili? (Kijana, Chamwino)

Moyo hujikaza, kisha hulegea. Namba ya kwanza ni shinikizo moyo unapojikaza kusukuma damu. Ya pili ni pale unapolegea na kujaa tena. Huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa kuwa vipimo vya zamani vilipandisha zebaki ndani ya bomba la kioo. Kwa mtu mzima, 120/80 ni nzuri. Ikifika 140/90 au zaidi, hata kwa namba moja tu kati ya hizo, na ikajirudia siku nyingine, huitwa ya juu.

Ila baba alipimwaje? Mzee akishuka kwenye bodaboda kutoka Buigiri na kufungwa kipimo papo hapo, namba zaweza kupanda. Arudi kupimwa: akae kimya dakika 5, aegemee kiti, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo.

Nikipalilia zabibu juani napata kizunguzungu. Ni presha ya kushuka? (Mkulima, Hombolo)

Huenda, hasa kama hunywi maji ya kutosha. Lakini malaria huleta kizunguzungu, na upungufu wa damu pia, ambao si presha kabisa. Kaa kivulini, kunywa maji, kisha nenda zahanati ukapimwe. Usikisie.

Najisikia mzima. Niache dawa za presha? (Mpwapwa)

Hapana, ndugu yangu. Presha ya juu mara nyingi haiumi popote, huku ikiharibu figo, macho na moyo, hata kuleta kiharusi. Huenda unajisikia mzima kwa sababu dawa inafanya kazi. Ikikusumbua, mwambie daktari akubadilishie.